MCM si mtihani wa kukokotoa

Wengi hudhani mashindano ya kimataifa ya kuunda modeli za kihisabati, yaani kueleza tatizo halisi kwa lugha ya hesabu, ni ya vipanga wa hesabu, na kwamba anayepata jibu sahihi ndiye mshindi. Sivyo. Katika MCM (Mathematical Contest in Modeling), mashindano ya aina hiyo yaliyoanza 1985 chini ya COMAP, shirika la elimu ya hisabati la Marekani, jibu moja sahihi halipo. Timu ya wanafunzi wasiozidi watatu huchagua swali moja na kupewa takriban siku nne. Vitabu na intaneti ruksa. Kumuuliza mwalimu ndiyo marufuku.

Kinachopimwa ni ripoti: mmechukulia nini kuwa kweli, kwa nini, na modeli inayumba wapi mkibadilisha hayo. Majaji huanza na muhtasari wa ukurasa mmoja, na hapo hodari wa milinganyo huweza kuangukia pua, akiuandika dakika za mwisho bila kutaja tokeo hata moja.