Gari la Mbio Katika Foleni za Mombasa: Ushauri kwa Wanaoliendesha Kila Siku

Vijana wengi wa Mombasa wanaomiliki Subaru Impreza WRX STI au Mitsubishi Lancer Evolution hawatosheki na nguvu zilizotoka nazo kiwandani. Hubadilisha tabo, ekzosi na springi, wakaipanga upya kompyuta ya injini, kisha gari hilo hilo likawa ndilo la kuwapeleka kazini Changamwe na kuwarudisha Bamburi. Sisi tunaofundisha uhandisi wa magari hatuna neno na hilo. Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba gari la namna hiyo huteseka zaidi kwenye foleni kuliko kwenye kasi, na sehemu kubwa ya uendeshaji wa mjini kwetu ni foleni.

Tabo huibana hewa, na hewa ikibanwa hupata moto. Kwa hivyo kuna intakula, kipozaji kinachopunguza joto la hewa hiyo kabla haijaingia kwenye silinda. Katika WRX STI kipozaji hicho kimelala juu ya injini, chini ya ule mdomo wa boneti, nacho hutegemea upepo wa mwendo. Gari likikwama karibu na daraja la Nyali saa saba mchana mwezi wa Februari, joto la nje likikaribia nyuzi 33, upepo huo haupo, na moto wa injini hupanda moja kwa moja kwenye kipozaji. Hewa inayoingia yaweza kufika nyuzi 60 na kupita. Dereva hahisi kitu mpaka njia ifunguke, akanyage mafuta, na mchanganyiko wa petroli na hewa ulipuke kabla ya wakati wake. Huko ndiko injini kugonga. Kompyuta ya kiwandani husikia mlio huo kupitia kihisi na kuchelewesha cheche, lakini iliyopangwa upya na mtu aliyefuata idadi ya nguvu za farasi peke yake mara nyingi huwa imepunguziwa kinga hiyo, na injini za Subaru zinajulikana kwa pistoni kupasuka kwenye kingo zinazoshika ringi.

Wengine hujibu kwa kufunga intakula kubwa mbele ya rejeta. Husaidia gari linapokwenda, ila hulizibia rejeta na kiyoyozi upepo wao, na usipoongeza feni zenye nguvu utakuwa umehamisha tatizo tu. Vibaya zaidi ni ile desturi ya kuitoa themostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, na kujaza maji ya mfereji. Themostati ikitolewa, injini haishiki joto lake la kazi barabara inapokuwa wazi, kompyuta hudhani bado ni baridi na kuongeza petroli. Na foleni ikirudi, joto hupanda vile vile, kwa sababu hapo upungufu ulikuwa wa upepo. Maji matupu nayo huleta kutu ndani. Kulanti safi, yaani maji ya rejeta yenye dawa, na kifuniko kizima cha rejeta ni bora kuliko ujanja wote huo: kifuniko cha shinikizo la bar 1.1 hukiinua kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120.

Mafuta yanahitaji uangalifu wa pekee. Okteni ni kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati. Petroli ya daraja la juu ya Japani huwa na okteni karibu 100, na ile ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Mpango wa injini uliotoka Japani haufai kuachwa ulivyo. Ni lazima upangwe kwa petroli utakayoinunua wewe. Iko pia hatari ya petroli iliyochanganywa na mafuta taa, ambayo okteni yake ni ndogo mno. Uovu huo ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuzuia. Jaza kwenye kituo unachokiamini, hata kama ni mbali.

Kwa wakazi wa Likoni na Diani kuna suala la feri. Mlango wa feri hushuka juu ya mteremko wa zege, na pembe kati yao hubadilika kwa kujaa na kupwa kwa maji. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, gari lililopunguzwa kimo kwa springi fupi hukwaruza bampa kwanza, halafu bomba la ekzosi. Anayeweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyopita kwenye feri, na azunguke. Masika ikiingia, aliyeushusha mfereji wa kuvutia hewa ya injini mpaka nyuma ya bampa ajue kwamba dimbwi moja linaweza kuiingizia injini maji, na kwa kuwa maji hayabaniki, mkono wa pistoni hupinda papo hapo.

Breki za mashindano hazishiki vizuri mpaka zipate moto, kwa hivyo hazifai kwa mtu anayekatiwa njia na tuktuk asubuhi. Klachi ya shaba huchosha mguu. Zaidi ya hapo ni hiari ya mtu.

Ukibadilisha injini au rangi, taarifa za usajili zirekebishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ekzosi isiyo na kizuia sauti yaweza kukuingiza katika kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na vichochoro vya Mji wa Kale huizidisha sauti maradufu. Iambie pia kampuni ya bima kila ulichobadilisha, kwa maandishi. Kampuni iliyofichwa jambo kubwa inaweza kukataa kulipa.

Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka 8, na Lancer Evolution ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2016. Anayeitaka leo atainunua hapa hapa, pengine kwa mtu aliyekwisha kuifungua injini. Kabla hujalipa, iombe adhuhuri. Iache ingurume imesimama, kiyoyozi kikiwa wazi, kwa nusu saa, huku ukiitazama geji ya joto. Ikipanda bila kutulia, au muuzaji akisema ni kawaida yake, mrudishie ufunguo.