Pweza hanakili mwamba mzima

Watu husema pweza ni kama kioo: huitazama rangi ya jiwe alilokalia, akainakili vilevile ilivyo. Sivyo. Jicho la pweza lina aina moja tu ya kemikali ya kupokea mwanga, ilhali letu lina tatu za kutofautisha rangi. Katika majaribio mengi ameonekana hatofautishi rangi kabisa. Anachokinasa vizuri ni weupe, kivuli, kingo na ukubwa wa madoa.

Anabadilikaje basi? Ngozi yake imejaa vifuko vidogo mno vya njano, nyekundu na kahawia, kila kimoja kikizungukwa na misuli inayoamriwa na ubongo kupitia mishipa ya fahamu. Misuli ikivuta, kifuko hutanuka na doa hujitokeza. Ikilegea, kifuko hunywea kikawa nukta. Ndiyo maana hugeuka kufumba na kufumbua, jambo ambalo kinyonga haliwezi. Kijani na buluu hazimo humo. Chini ya vifuko kuna chembe zinazoakisi mwanga wa pale alipo, na hizo humsaidia kufanana na mahali bila hata kuijua rangi yake.

Wala hanakili kila kitu. Uchambuzi wa picha uliochapishwa mwaka 2012 uliwahusu pia pweza wa aina ya Octopus cyanea, huyuhuyu anayechokolewa miambani maji yakitoka pwani ya Tanzania na Kenya. Ngozi zao zilishabihiana na vitu vichache vilivyochaguliwa karibu yao, si mandhari yote iliyowazunguka.