Sanamu Haingoji Kikao: Kupanga Uchongaji Ukiwa Mwalimu na Mkuu wa Idara

Wachongaji wanaofundisha na kuongoza idara hulalamikia uchache wa saa. Mimi naona kinachoua kazi zaidi ni kukatizwa. Saa kumi za juma zinazokuja kwa vipande vya dakika arobaini zinatosha kuandika ripoti, lakini hazitoshi kusubu, yaani kumimina, kalibu moja ya plasta, lile umbo tupu la kunakilia sanamu. Kwa hiyo kabla ya kugusa ratiba, iulize kila malighafi: nikikuacha katikati, utaharibika vipi, na baada ya muda gani?

Watu wa kazi hizi mbili hawajaanza leo. Mchongaji Mkenya Gregory Maloba alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya chuo hicho, akafundisha hapo hapo, akatengeneza Sanamu ya Uhuru ya Kampala ya mwaka 1962, kisha akahamia Nairobi kufundisha usanifu chuo kikuu. Francis Nnaggenda naye alifundisha Nairobi na Makerere, na sanamu yake ya mti ya mhanga wa vita imesimama kwenye maktaba kuu ya Makerere. Sam Ntiro alifika hadi ubalozi London, ila yeye alikuwa mchoraji, na turubai huviringishwa ikasafiri. Gogo la mvule haliviringishiki.

Jiwe ndilo rafiki wa mwalimu. Jiwe la Kisii, lile laini linalochimbwa Tabaka, Kenya, ukiliacha Ijumaa na kulirudia baada ya mitihani utalikuta vile vile. Linakatika kwa msumeno na tupa, na msasa wa maji hulimaliza. Kosa kubwa hufanyika siku ya kununua. Ligonge kwa nyundo ndogo: jiwe zima hulia kwa sauti kali, lenye ufa wa ndani hutoa sauti butu. Lilowanishe pia, maana ufa hubaki na unyevu baada ya uso kukauka. Vumbi lake ni jambo la mapafu, si la usafi tu, kwa hiyo lichonge likiwa na maji na uvae barakoa ya vumbi jembamba. Usilichonge kwenye chumba ambamo wanafunzi wengine wanafinyanga bila barakoa.

Mti nao huvumilia, kwa masharti. Mafundi huhesabu takriban mwaka mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, na mpingo, ulio mzito kiasi cha kuzama majini, hauna haraka kabisa. Gogo zima lenye kiini ndani litapasuka kwa sababu pete za nje husinyaa kuliko katikati. Lipasue nusu kwa nusu kupitia kiini, au lichimbe kwa nyuma ubakize ukuta unaolingana unene. Vichwa vya gogo vipake nta ya mishumaa iliyoyeyushwa siku ile ile linapokatwa, kwani maji hutoka haraka zaidi kupitia huko. Ukilazimika kuliacha kwa mwezi, lifunge kwa magunia, liinue kutoka sakafuni na liweke mbali na dirisha. Karakana nyingi za vyuo zina madirisha makubwa ya magharibi, na jua la saa kumi likipiga upande mmoja wa sanamu wiki tatu za likizo, nyufa utakazokuta hazizibiki kwa gundi na unga wa mbao bila kuonekana.

Udongo ni mdanganyifu zaidi. Mtu hudhani ukifunikwa nailoni umetulia. Funika kwanza kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na kukamuliwa, kisha nailoni, na unyunyize kila baada ya siku mbili tatu; mpe mtu mmoja jukumu hilo kwa jina, usiseme “wanafunzi watanyunyiza”. Masikio na vidole hukauka mbele ya kiwiliwili, husinyaa, hudondoka. Kama sanamu itachomwa, usiweke nondo ndani: udongo hupungua asilimia 8 hadi 12 kutoka ubichi mpaka kuchomwa, chuma hakipungui, na kitakachopasuka kinajulikana. Ichimbe ndani ibaki na unene wa sentimita 2 hadi 3, iache ikauke polepole wiki mbili au tatu, kisha panda taratibu mno hadi uvuke nyuzi 100. Sanamu zinazolipuka tanurini hulipuliwa na mvuke. Karibu na nyuzi 573 punguza mwendo tena, kwenda na kurudi, maana chembe za kwatzi, madini yaliyomo kwenye udongo, hubadilika ukubwa ghafla hapo. Huwezi kuanza kuchoma asubuhi yenye kikao cha seneti.

Plasta haivumilii lolote. Changanya takriban kilo 1.4 kwa lita moja ya maji, ukimwaga unga majini na si maji kwenye unga. Uache ulowe dakika moja au mbili, koroga bila kuingiza mapovu, na una kama dakika kumi za kufanya kazi kabla haijaganda. Kwa kalibu ya kuvunja, ile inayobomolewa ili kuitoa sanamu, tabaka la kwanza la nusu sentimita litie bluu kidogo ya kufulia nguo, ili unapochonga kuiondoa, rangi ikuonye kwamba uso wa sanamu uko karibu. Siku ya plasta itengewe saa nne mfululizo, simu ikiwa ofisini. Pwani, mfuko uliofunguliwa hunyonya unyevu wa hewa, na unga wa namna hiyo huganda mapema kwa mabonge na kutoa kalibu inayomung’unyika. Ukitilia shaka, jaribu kikombe kimoja kwanza.

Zege liko katikati: hukubali kusimama, ila kwa utaratibu. Tabaka jipya juu ya lililokauka wiki mbili halishiki lenyewe. Likwaruze la zamani, lilowanishe, lipake uji wa saruji kwa brashi, ndipo uongeze. Nondo zifunikwe si chini ya sentimita 2.5, na zaidi karibu na bahari, kwa sababu kutu huvimba na kufumua zege kutoka ndani. Lilowanishe siku saba. Kama siku hizo zinaangukia likizo, usianze.

Sasa ofisi. Sehemu ya utawala inayogusa karakana moja kwa moja ni manunuzi. Kichwa cha ukubwa wa mtu hula kama kilo 15 za udongo na kilo 10 za plasta kwa kalibu tu. Darasa la watu 20 ni kilo 300 na kilo 200, bado hujasubu. Agiza muhula mmoja kabla, na andika matumizi, si jina pekee. Ukiandika “plasta”, ofisa manunuzi ataleta ya kulainishia kuta, ambayo imetiwa dawa ya kuchelewesha kuganda na haifai kwa kalibu. Andika “unga wa jipsamu wa kusubu”, ule wanaoutumia mafundi wa mikanda ya dari. Weka na kipimo: igande ndani ya nusu saa.

Kazi za kuagizwa zina mtego wake. Mkuu wa idara anayeketi kwenye kamati ya kuteua sanamu ya taasisi asiombe kazi hiyo, hata kama ndiye bora. Tanuri la chuo likichoma kazi yako binafsi, pata ruhusa ya maandishi na lipia umeme. Mkataba ugawe malipo: asilimia 40 mfano mdogo ukikubaliwa, 30 kalibu ikikamilika, 30 ikisimikwa. Taja nani analipa msingi, kreni na usafiri. Hapo ndipo faida hupotelea.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni wa namna hii: vikao vyote siku mbili za juma, muhula uwe wa jiwe na mti, likizo fupi ziwe za plasta na kuchoma. Kusubu shaba nyeusi (bronzi), yenye nta, kalibu ya kuoka na metali inayomwagwa karibu nyuzi 1,100, subiri likizo ya kitaaluma ya mwaka mzima. Mti wa mwaka huo ununue sasa, na uandike tarehe ya kukatwa kwa rangi kwenye kichwa cha gogo, kwa sababu atakayekukaimu atahamisha stoo.