Je, wajua kwa nini choo kilekile kinaweza kutoa majibu tofauti katika maabara mbili?

Chukua choo cha mtu mmoja, kikoroge vizuri, kigawe mafungu mawili, kisha peleka kila fungu kwenye maabara yake. Majibu yakirudi, orodha za bakteria huenda zisifanane, na pengine hakuna mtaalamu hata mmoja aliyekosea.

Chanzo kimoja ni ukuta wa bakteria. Ili kuwatambua, maabara huwapasua na kutoa DNA yao. E. koli, bakteria wa kawaida wa utumbo, ana ukuta mwembamba, kwa hiyo kemikali inamtosha. Wengine wana ukuta mnene, na hawafunguki mpaka watikiswe kwa nguvu ndani ya kichupa pamoja na shanga ndogo ngumu. Maabara isiyotumia shanga itasema hao ni haba, kumbe wamo tele. Utafiti uliotoka mwaka 2017 ulilinganisha njia 21 za kutoa DNA kwa sampuli zilezile za choo. Katika hatua zote za kimaabara, hiyo ya kutoa DNA ndiyo iliyobadilisha majibu zaidi.

Lakini kisa kinachonivutia kuliko vyote ni cha watoto wa kambi ya wakimbizi ya Maela, nchini Thailand. Watafiti walichukua sampuli kutoka nyuma ya pua za watoto wachanga, wakawafuatilia hadi umri wa miaka miwili. Matokeo yalipendeza: bakteria wa watoto wadogo walijitenga na wa wakubwa, kana kwamba pua nayo inakua kwa hatua. Baadaye ikagundulika kwamba sampuli za umri tofauti zilitolewa DNA kwa pakiti za kemikali za matoleo tofauti, na kemikali zenyewe zilikuwa na DNA ya bakteria wa udongo na maji. DNA ilipotolewa upya kwa pakiti za toleo jingine, ule mpangilio wa umri ukatoweka. Habari hii ilichapishwa mwaka 2014, na iliwezekana kwa sababu ilijulikana sampuli ipi ilipita kwenye toleo lipi. Namba ndogo ya toleo iliyo ubavuni mwa boksi, ambayo wengi wetu tungeitupa pamoja na boksi lenyewe!

Taarifa za namna hiyo ndizo huitwa metadata: nani alitoa sampuli, lini, wapi, alikula nini, anatumia dawa gani, sampuli ilikaa muda gani kabla ya kuingia kwenye friza. Choo kikisahaulika juani, baadhi ya bakteria huendelea kuzaana humo humo, na mashine itawahesabu kama wenyeji wa tumbo.

Dawa nazo zina vituko vyake. Utafiti wa China wa mwaka 2012 na mwingine wa Ulaya wa mwaka 2013 ulitafuta alama ya kisukari cha aina ya pili kwenye utumbo, na alama zenyewe hazikulingana. Mwaka 2015, sampuli 784 kutoka Denmark, Sweden na China zilichambuliwa upya, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ikaangukia metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi hupewa. Kumbe baadhi ya kilichodhaniwa kuwa ugonjwa kilikuwa dawa.

Hata msimu huhesabika. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, walitoa sampuli mwaka 2013 na 2014, kiangazi na masika. Baadhi ya makundi ya bakteria yalipungua sana masika, wakati wa asali na matunda ya porini, yakarudi kiangazi, nyama inapokuwa nyingi. Bila tarehe, mtu angeziona sampuli hizo akadhani ni za jamii mbili.

Ndiyo maana muungano wa wanasayansi uitwao Genomic Standards Consortium, ulioanzishwa mwaka 2005, ulitengeneza orodha ya mambo ambayo kila sampuli lazima iambatane nayo, na mwaka 2011 ukatoa orodha nyingine, ya jeni zinazotumika kutambua bakteria. Mwaka 2021 ikaja orodha iitwayo STORMS, inayowaongoza waandishi wa tafiti hizi nini wasikiache. Kwa maoni yangu kazi ngumu haiko kwenye kutunga orodha, iko kwa mtu wa uwandani anayejaza fomu ya kurasa nne huku mama mwenye mtoto akisubiri.

Na vitu vidogo ndivyo vinavyouma. Ukiandika 03/04, Mmarekani atasoma Machi 4, sisi tutasoma Aprili 3, kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe hutaka mwaka kwanza: 2013-04-03. Kwetu kuna mtego wa ziada. Mtu akisema alikwenda chooni saa moja asubuhi, na karani akaandika 01:00, kompyuta itaisoma kuwa saa saba usiku. Fomu za huku zinahitaji kisanduku kinachomwambia karani aandike 07:00.