Maana ya "ujenzi wa ulimwengu", na kwa nini ramani peke yake haitoshi

Siku hizi riwaya yoyote ya fantasia ikiwa na ramani ukurasa wa mbele, falme saba na majina yanayomkwama mtu kooni, msomaji wa kwanza kuimaliza ataandika: "Mwandishi kajenga ulimwengu balaa." Wengine huhesabu hadi kurasa za faharasa ya maneno nyuma ya kitabu, kana kwamba ulimwengu unauzwa kwa kilo. Sifa hii imetumika ovyo mno, na ningependa kusema kwa ustaarabu kwamba kinachosifiwa hapo ni mapambo.

Maana yenyewe ni fupi. Ujenzi wa ulimwengu ni kazi ya mwandishi kubuni mahali pasipokuwepo, akapatungia sheria zake, kisha akazifuata sheria hizo mpaka ziamue watu wa huko wanakula nini, wanaogopa nini, wanaoana vipi na wanadanganyana vipi. Basi. Uzito wote uko kwenye kule kuzifuata, maana kubuni jambo la ajabu hakuna kazi. J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, katika mhadhara alioutoa St Andrews, Scotland, mwaka 1939, alitoa mfano wa jua la kijani. Yeyote mwenye ulimi anaweza kulitaja. Shughuli ni kuunda mahali ambapo jua hilo linaaminika, msomaji akiwa ndani asishtuke. Kama jua ni la kijani, majani ya miti yana rangi gani? Mgonjwa akisawijika, anakuwaje? Asiyejiuliza hayo amechora bendera tu.

Sisi wa mwambao tusingehitaji kuelezwa sana. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, na kurudi kwake kulingoja kusi. Kati ya pepo hizo mbili nahodha hana pa kwenda. Anakaa, anakopa na kukopesha, anapanga chumba, anaoa. Mtoto anazaliwa, lugha inaongezeka maneno. Ukimwambia mtu kwamba upepo hugeuka mara mbili kwa mwaka, umempa utabiri wa hali ya hewa. Ukimwonyesha mke wa nahodha pale Lamu, anayetazama kila asubuhi kitambaa kilicho juu ya mlingoti kimeelekea wapi na hasemi neno, umeshaanza kujenga.

Nichukue mwandishi mmoja nimfuate kwa karibu. Ursula K. Le Guin alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1929, akafariki Portland, Oregon, Januari 2018. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia. Mama yake, Theodora, aliandika kitabu kuhusu Ishi, mtu wa mwisho aliyejulikana wa jamii ya Wayahi wa California. Yaani alikulia katika nyumba ambamo namna watu mbalimbali wanavyopanga maisha yao ilikuwa ndiyo kazi ya wazazi. Kwenye rafu ya baba kulikuwa na kitabu cha Lao Tzu, mwanafalsafa wa kale wa China, na binti akakirudia maisha yake yote, mpaka mwaka 1997 akatoa tafsiri yake mwenyewe kwa Kiingereza. Anayetafuta asili ya uchawi wa vitabu vyake aanzie kwenye rafu hiyo kabla hajaenda kwenye ngome za Ulaya.

Mwaka 1967 mchapishaji wa Parnassus Press, kampuni ndogo ya Berkeley hiyohiyo, alimwomba aandike kitabu cha vijana. Le Guin akajiuliza swali ambalo mtoto angeuliza: wale wachawi wa hadithi, wazee wa ndevu nyeupe, kabla ya ndevu walikuwa nani, na walisomea wapi? (Nasema wachawi kwa kukosa neno lililo safi zaidi, hawa hawaendi makaburini usiku.) Kisha akakaa chini, akachora visiwa.

Ndiyo, alianza na ramani, na wabishi wangu hukimbilia hapa. Lakini sikiliza alivyoeleza mwenyewe: aliyajua majina ya visiwa vyote, na zaidi ya majina hakujua karibu chochote. Vitatu vidogo alivipa majina ya utani ya wanawe walipokuwa wachanga. Ramani ile ilikuwa orodha ya maswali. Baadaye aliandika kwamba Earthsea, yaani ulimwengu huo wa visiwa, hakuiunda kama mhandisi. Aliigundua kama msafiri.

Ulimwengu wenyewe unachipuka kutoka kwenye sheria moja, ambayo tayari ilikuwemo katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1964: kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua anakimudu. Tazama sheria hiyo inavyozaa. Ikiwa jina langu linaweza kuniangamiza, sitalitaja mbele ya watu, kwa hiyo kila mtu anahitaji jina la mitaani. Mhusika mkuu, kijana wa kisiwa cha Gont, anaitwa na wote Sparrowhawk, jina la ndege. Jina lake la kweli, Ged, wanalijua wachache mno. Ikiwa nguvu ni majina, basi shule ya uchawi haina budi kuwa shule ya kukariri. Wanafunzi wanapelekwa kwenye mnara ulio mbali na watu, wanapewa orodha za majina, na wino unafutika ifikapo usiku wa manane. Na kwa kuwa kila ghuba, kila hori na kila mkondo una jina lake, hakuna mchawi anayeweza kuituliza bahari nzima. Atakufa kabla hajamaliza kuitaja. Uwezo umepata mpaka bila mwandishi kutunga kanuni ya pili. Hata joka la Pendor halishindwi kwa upanga. Ged amesoma historia za kale, anabahatisha jina la joka, anapatia. Aliyemwokoa ni mwalimu aliyemlazimisha kusoma.

Kuna tukio moja ningependa kila anayelitumia neno hili alisome. Ged ameharibikiwa. Kwa majivuno yake amefungua mlango usiofunguliwa, mkuu wa shule amekufa akiuziba, na yeye amebaki na makovu usoni na aibu isiyosemeka. Rafiki yake Vetch amehitimu, anakuja kuaga. Kabla ya kuondoka anamwambia jina lake la kweli: Estarriol. Neno moja tu. Kwetu watu hutajiana majina ndani ya basi kabla kondakta hajadai nauli. Pale, kijana amemkabidhi mwenzake roho yake, tena mwenzake ambaye hakuna anayemwamini wakati ule, hata yeye mwenyewe hajiamini. Ged anamjibu kwa kumpa la kwake. Iondoe sheria ya majina, utabaki na vijana wawili wanaojitambulisha. Iache, na msomaji anaweka kitabu chini kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna ramani katika ukurasa ule, wala haikosekani.

Mwaka 2004 Earthsea ilipelekwa kwenye televisheni Marekani. Visiwa vilikuwepo, majina yalikuwepo, majoka yalikuwepo. Lakini Ged, ambaye kitabuni ana ngozi ya wekundu wa kahawia, na ambaye watu wengi wa visiwa vyake ni weusi au maji ya kunde, akageuzwa Mzungu. Isitoshe, jina la siri na jina la mitaani yakabadilishana nafasi. Le Guin alilalamika hadharani, na alikuwa na haki. Waliibeba ramani wakaacha ulimwengu, halafu wakashangaa kwamba mwenyewe hautambui.

Ulimwengu uliojengwa hivi humdai mwandishi. Katika kitabu cha kwanza cha Earthsea, cha 1968, kuna msemo wa watu wa Gont unaosema "dhaifu kama uchawi wa mwanamke", na wa pili unaosema "mwovu kama uchawi wa mwanamke". Inapita kama vionjo vya mahali. Shule inapokea wavulana tu na hakuna anayeuliza. Vitabu vitatu vya mwanzo viliisha mwaka 1972. Cha nne, Tehanu, kilitoka mwaka 1990: Ged amepoteza nguvu zake zote, na anayeibeba hadithi ni Tenar, mjane wa mkulima, pamoja na mtoto wa kike aliyeunguzwa moto. Sasa ile misemo inapaswa kujibiwa. Nani aliitunga? Inamfaa nani? Wapo wasomaji waliokasirika wakisema ameharibu alichokijenga. Mimi naona ni kinyume chake. Hakuifuta sheria yoyote ya zamani. Aliishi ndani yake muda mrefu mpaka akaona inamuumiza nani.

Hoja nyingine najua itawaudhi baadhi ya wenzangu. Mtu akisikia haya husema: lakini tunaye Shaaban Robert, tunayo Kusadikika ya 1951, nchi inayoelea angani! Huo nao si ujenzi wa ulimwengu? Hapana, na sisemi hivyo kwa kuipunguzia heshima. Kusadikika ni istiari. Karama anashtakiwa na Majivuno, na majina yenyewe yanakuelekeza utazame wapi: huku chini, kwenye Tanganyika iliyotawaliwa na Waingereza, na kwenye utawala wowote unaoogopa watu wanaojua sheria. Wajumbe wanatumwa pande nne za dunia, wengine mbinguni na ardhini, wanarudi na maarifa na wanalipwa adhabu. Hakuna msomaji anayeuliza nchi ile inapata wapi maji ya kunywa, au kwa nini haidondoki. Akiuliza, ameupotosha mwaliko. Istiari inakupitisha haraka ili ufike kwenye jambo linalosemwa. Earthsea inakutaka ukae, ujue bei ya mbuzi. Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, ni ya ukoo wa Kusadikika. Kuvisifu vitabu hivyo kwa ujenzi wa ulimwengu ni kuvipa sifa visivyoiomba na kuvinyima ile vinayostahili.

Wenye kujaza madaftari ramani na historia za kubuni nao wana shahidi wao, na ni Tolkien huyohuyo. Kweli, alianza na lugha za kubuni, hadithi zikafuata. Kweli, aliacha marundo ya makaratasi ambayo mwanawe Christopher alitumia miaka mingi kuyahariri. Lakini angalia jasho lilimtoka wapi. Alipogundua kwamba mwezi katika hadithi yake unaandama na kupevuka kwa namna isiyowezekana, alirudi kusahihisha. Katika toleo la 1966 la The Hobbit, riwaya yake ya awali, nyanya, ambazo asili yake ni Amerika, ziliondolewa ghalani kwa Bilbo, mhusika mkuu, na mahali pake pakawekwa achari. Kubwa zaidi ni pete. Katika toleo la 1937 Gollum, kiumbe wa mapangoni aliyekuwa na pete hiyo, yuko radhi kuitoa kama zawadi ya mchezo wa vitendawili. Baadaye, alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, pete ikawa kitu ambacho hakuna akipataye akakiachia kwa hiari. Sura ile ikaandikwa upya, ikatoka katika toleo la 1951. Na maelezo ya mwanzo? Yakageuzwa kuwa uongo aliousema Bilbo mwenyewe, kwa sababu pete ilikuwa imeshaanza kumla. Yaani hata sura iliyopitwa na wakati ililazimishwa kutii sheria ya mahali pale. Kazi ni hiyo. Jedwali la wafalme na miaka yao linaweza kuandikwa na karani yeyote mvumilivu.

Na kwa wanaouliza utaratibu wa kazi wa watu hawa, Le Guin aliwahi kuulizwa katika mahojiano siku yake nzuri inakwendaje. Saa kumi na moja na nusu alfajiri anaamka na kulala palepale akiwaza. Saa kumi na mbili na robo anatoka kitandani na kula, tena kula sana. Saa moja na robo anaingia kwenye kuandika, kuandika, kuandika, mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo ni chakula, kusoma, muziki, barua, pengine kufagia nyumba, kupika. Baada ya saa mbili usiku, alisema, huwa mjinga kabisa. Kile kipindi cha kulala ukiwaza ningekipigia mstari. Saa ya kujaza daftari la historia ya falme haimo.

Kwa hiyo ndugu yangu ambaye hujaandika hata sura moja na ukiulizwa unasema bado unajenga ulimwengu: unaandaa. Kuandaa ni halali, na karatasi ni zako, ila kuite kwa jina lake. Na msomaji mwenzangu, ukiipenda ramani, sema ramani ni nzuri, aliyeichora atafurahi. Lile neno kubwa liwekee ukurasa ambapo mhusika anafanya jambo ambalo huku kwetu lisingekuwa na maana yoyote, nawe ukamwelewa bila kufungua faharasa.