Kwa nini fremu za nyumba za mwaloni Uingereza hazikupigiliwa misumari ya chuma?

Huko Lavenham, mji mdogo wa Suffolk uliotajirika kwa biashara ya sufu, tazama mahali nguzo na boriti za nyumba za karne ya 15 zinapokutana. Utaona vichwa vya vijiti vya mti vimechomoza kidogo. Misumari ilikuwepo milangoni, lakini maungio makuu hayakuihitaji.

Mwaloni umejaa tanini, asidi ya asili iliyomo ndani ya mti. Penye unyevu, tanini hukila chuma na mbao hutoka mabaka meusi. Na unyevu ulikuwa tele, kwani maseremala hawakungoja mbao zikauke. Kila milimita 25 za unene hutaka karibu mwaka mzima. Boriti ya milimita 200 ungeingoja miaka minane au zaidi, halafu ikushinde kwa patasi kwa ugumu wake. Mwaloni mbichi huchongeka bila taabu.

Ufundi wenyewe uko hapa. Ncha ya boriti huchongwa ulimi wa kuingia kwenye tundu la nguzo. Seremala huitoboa nguzo kwa keekee, huingiza ulimi, huutia alama na kuuchomoa. Kisha huutoboa milimita mbili tatu pembeni mwa alama, upande wa bega la boriti, yaani ukingo ambapo ulimi unaanzia. Makusudi kabisa! Kijiti kikigongwa, hujipinda kupita matundu yasiyolingana na kuuvuta ulimi mpaka bega libane nguzo. Kijiti hicho ni cha mwaloni mkavu, uliopasuliwa kufuata nyuzi zake, ndiyo maana hakikatiki ovyo. Mbao zinaposinyaa na kupinda, chenyewe kinaendelea kuvuta. Nyumba ikionekana imelewa, usiikimbie.

Kila ulimi ulichongwa kwa tundu lake tu. Fremu iliunganishwa kwanza chini, uwanjani, maungio yakachanjwa tarakimu za Kirumi, ambazo patasi huziandika kwa urahisi, kisha ikafumuliwa na kubebwa. Hivyo ndivyo seremala Hugh Herland alivyolitengeneza paa la Westminster Hall, London, miaka ya 1390: mbao zilichongwa karibu na Farnham, Surrey, zikasafirishwa kwa mikokoteni na mashua za mto Thames. Ukumbi una upana wa takriban mita 20 na hauna nguzo hata moja katikati. Chuma kiliingia paani humo kuanzia 1914, na si kwa kosa la Herland: wadudu walikuwa wameitafuna mioyo ya boriti.