Je, wajua? "Toll" ya vipokezi vya seli haihusiani na ushuru wa barabara

Kila nilipokutana na jina toll-like receptors (aina ya vipokezi vya seli) katika maandishi ya Kiingereza kuhusu kinga ya mwili, nililipita kwa uhakika wa mtu asiyeona haja ya kufungua kamusi. Toll kwa Kiingereza ni ushuru wa kupita barabarani au darajani. Kipokezi nacho hukaa kwenye utando wa seli, yaani mpakani. Basi nikajijibu: hiki ni kituo cha ushuru, chembe hulipa kisha hupita. Maelezo yalikaa vizuri kabisa, ila hayakuwa na ukweli hata chembe.

Toll hii ni ya Kijerumani, na maana yake ni kama "ajabu!" au "safi sana!". Zamani ilibeba pia maana ya wazimu, na mpaka leo Wajerumani huuita ugonjwa wa kichaa cha mbwa Tollwut. Ushuru wao wanauita Zoll, kwa hiyo kosa langu lisingempata Mjerumani. Inasimuliwa kwamba mwanabiolojia Mjerumani Christiane Nüsslein-Volhard, akichunguza viinitete vya nzi wa matunda, aliona kimoja ambacho mpangilio wake wa mgongo na tumbo umevurugika, akapaza sauti kwa neno hilo. Mshangao ukageuka jina la jeni. Ndiyo sababu Kiingereza makini huiandika Toll kwa herufi kubwa, na like inayofuata ni "mfano wa" tu.

Kazi ya kinga iligunduliwa baadaye. Mwaka 1996, kundi la mwanasayansi Jules Hoffmann nchini Ufaransa lilionyesha kwamba nzi wenye hitilafu katika Toll huuawa na kuvu. Mwaka uliofuata, Ruslan Medzhitov na Charles Janeway wa Marekani wakaeleza kipokezi cha binadamu kinachofanana na Toll ya nzi. Sisi tunavyo vipokezi vya aina hiyo 10.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi, maana lilihusu kazi yenyewe: nilidhani kipokezi hupitisha vitu. Fikiria kengele ya mlangoni. Mgeni anabonyeza, lakini kidole chake hakiingii ndani; kinachoingia ni mlio. Chukua TLR4 (TLR ni kifupi cha toll-like receptor), inayotambua mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ukuta wa nje wa bakteria wengi. Mafuta hayo yakinaswa, vipokezi viwili huvutwa pamoja, na mikia yao iliyo ndani ya seli hukaribiana, kama nyaya mbili za kengele zinapogusana. Hapo protini za ndani hukusanyika kwenye mikia hiyo na kupokezana habari hadi kwenye kiini, ambako jeni za mapambano huwashwa. Bakteria mwenyewe yuko nje bado.

Mfano huu una mipaka yake. TLR4 ikishaamshwa huweza kumezwa na seli, kengele na kila kitu. Nyingine, kama TLR3 na TLR9, kwa kawaida hazikai mlangoni; zimo ndani ya vifuko vya seli, zikikagua RNA na DNA za vilivyomezwa.

Na Toll ya nzi, iliyoanzisha yote haya, haimgusi mdudu wa ugonjwa. Inangoja kuamshwa na protini nyingine ya nzi mwenyewe, iitwayo Spätzle, jina la tambi fupi za Kijerumani. Hilo sijawahi kulikosea, kwa kuwa sikuthubutu hata kulitamka.